Aliuliza mama yake yuko wapi, akajibiwa chai

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Kwa muda sasa nahudhuria kikundi cha kutafakari kinachofuata mafundisho ya Zen, mkondo mmoja wa Ubudha. Kiongozi wetu hajibu swali moja kwa moja. Hutoa koani (fumbo ambalo mwanafunzi wa Zen hupewa alitafakari), kisa kifupi au mzaha. Mama yangu alipofariki nilimuuliza, mbele ya wenzangu, mtu akifa huenda wapi. Akanitazama, akasema: "Umekunywa chai?" Watu wakaangua kicheko, naye akacheka. Niliondoka nimenywea. Je, ile ilikuwa hekima iliyonipita, au alinikwepa? Na kwa nini walimu wa mambo ya roho hawasemi waziwazi?

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa msiba wa mama. Pole hii naitanguliza kwa sababu, kwa jinsi ulivyonieleza, siku ile hukuipata kwa yeyote, na naona hapo ndipo swali lako lilipo hasa.

Kwa maoni yangu hakuna hekima iliyokupita. Kiongozi wenu alikujibu kwa maneno ya kuazima. Nitakueleza yametoka wapi na kwa nini yalifaa yalikotoka lakini kwako hayakufaa, maana sitaki uzichukie koani zote kwa sababu ya moja iliyotumiwa vibaya.

Chai ile ni ya Zhaozhou Congshen, mtawa wa China wa enzi ya Tang, aliyezaliwa mwaka 778 na ambaye mapokeo yanasema aliishi mpaka 897. Watawa wawili wageni walifika kwake. Akamuuliza wa kwanza kama amewahi kufika pale. Akasema amewahi. "Nenda ukanywe chai." Akamuuliza wa pili, huyo hakuwahi kufika. "Nenda ukanywe chai." Msimamizi wa monasteri akashangaa: aliyewahi kufika anaambiwa akanywe chai, na asiyewahi kufika anaambiwa vilevile, maana yake nini? Zhaozhou akamwita: "Msimamizi!" Akaitika. "Nenda ukanywe chai."

Angalia mambo yalivyokaa. Zhaozhou ndiye mwenyeji, na ndiye aliyeanza kuuliza. Wageni wake hawakuja na kidonda. Anawapokea wote watatu sawasawa: mzoefu, mgeni, na yule anayetaka kujua tofauti yao. Hakuna anayebaki mlangoni. Chai hiyohiyo ilipofika kwako ilifanya kinyume chake. Wenzako wote walikuwa ndani ya kicheko, wewe peke yako ukaachwa nje.

Na jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba Zen yenyewe ina koani inayogusa swali lako karibu neno kwa neno, na ni koani mashuhuri. Ni kisa cha 55 katika Kumbukumbu za Mwamba wa Buluu, mkusanyiko wa visa 100 uliokusanywa na Xuedou katika karne ya 11 na kufafanuliwa na Yuanwu Keqin katika karne ya 12. Nitakisimulia chote, kwa kuwa kimebeba sehemu kubwa ya jibu langu.

Mwalimu Daowu alikwenda na mwanafunzi wake Jianyuan kuhani msiba katika nyumba moja. Wakiwa pale, Jianyuan akaligonga jeneza kwa mkono, akauliza: "Yu hai, au amekufa?" Daowu akasema: "Yu hai, sisemi, amekufa, sisemi." "Kwa nini husemi?" "Sisemi, sisemi." Wakaaga, wakashika njia ya kurudi. Katikati ya safari Jianyuan akashindwa kuvumilia: "Mwalimu, niambie sasa hivi. Usiponiambia nitakupiga." Daowu akamjibu: "Kupiga, piga, lakini kusema, sisemi." Jianyuan akampiga.

Mwanafunzi kumpiga mwalimu wake lilikuwa kosa zito katika monasteri yoyote. Ufafanuzi wa Yuanwu unaeleza kwamba baadaye Daowu mwenyewe alimshauri Jianyuan aondoke kwa muda, kwa kuhofia kwamba msimamizi akipata habari atamtia matatani. Daowu akaja kufariki. Jianyuan akaenda kwa Shishuang, mwanafunzi mwingine wa Daowu, akamsimulia yaliyotokea na kumuuliza swali lilelile. Shishuang akajibu: "Yu hai, sisemi, amekufa, sisemi." "Kwa nini husemi?" "Sisemi, sisemi." Hapo Jianyuan akafunguka. Kisha siku moja akaonekana na jembe, akiuvuka ukumbi wa mafundisho toka mashariki hadi magharibi na kurudi. Shishuang akamuuliza anafanya nini. Akasema: "Natafuta mabaki matakatifu ya mwalimu wetu marehemu."

Daowu naye hakujibu. Kwa hiyo ukiniuliza kama kutojibu ni kosa, nitakuambia si kosa. Lakini hesabu alichokifanya. Alikwenda msibani kwa miguu yake. Alisimama kando ya jeneza pamoja na muulizaji. Hakutafuta watu wa kucheka naye. Hakujificha nyuma ya cheo chake alipotishiwa, alikubali kupigwa, na hata baada ya kupigwa bado alikuwa akiwaza usalama wa mwanafunzi. Kunyamaza kwake kulikuwa na gharama, na gharama ile aliibeba yeye. Angesema "yu hai" angempoza Jianyuan kwa neno tu. Angesema "amekufa" angemfungia mlango. Alimwachia swali likiwa hai, naye akaumia kwa kufanya hivyo.

Basi kipimo changu kwa kila fumbo, kila mfano na kila mzaha wa mwalimu wa roho ni hiki: gharama yake inabebwa na nani? Siku ile kikundini kwenu ilibebwa na mtu mmoja, mwenye msiba.

Na usilipite lile jembe. Ni kichekesho, tena cha kuthubutu, mtu kuzunguka ukumbini na jembe akitafuta mifupa ya marehemu. Lakini aliyekileta ni mfiwa mwenyewe, wakati wake ulipofika. Mfiwa ana haki hiyo. Kuna watu hucheka kweli katika matanga yao, na kicheko kile ni sehemu ya kuomboleza. Mtu mwingine hana ruhusa ya kukileta kwa niaba yao.

Sasa, kwa nini hawasemi waziwazi? Kwanza ujue kwamba mara nyingi husema. Mwalimu wa Zen anayejua kazi yake atakueleza bila fumbo lolote namna ya kukunja miguu, kunyoosha mgongo, kuhesabu pumzi toka moja hadi kumi na kuanza tena. Maadili ya monasteri yameandikwa kwa lugha nyepesi kabisa. Koani huja mahali ambapo maelezo yakitolewa yanageuka kikwazo, yaani pale mwanafunzi anapotaka jibu ili aliweke akibani na asibadilike.

Chukua koani ambayo wengi huanza nayo. Mtawa alimuuliza Zhaozhou kama mbwa ana asili ya Budha, yaani uwezo wa kuwa Budha. Fundisho la kawaida ni kwamba viumbe wote wanayo. Zhaozhou akasema: "Hana." Kumbukumbu nyingine inasema kwamba aliulizwa tena wakati mwingine, akasema anayo. Anayekusanya habari kuhusu mbwa hapo ameambulia patupu. Wumen Huikai, aliyekusanya koani 48 mwaka 1228 na kuiweka hii ya kwanza, aliwaonya wanafunzi wasiielewe kama kuwapo na kutokuwapo, bali waishike usiku na mchana kwa mwili wao wote. Yeye mwenyewe alikaa nayo miaka sita.

Namna inavyofanyiwa kazi ndiyo inayosahauliwa na wanaozisoma koani kama vichekesho vya kupeana. Katika monasteri za Rinzai, mkondo mmoja wa Zen, watawa huketi foleni kimya wakisubiri zamu. Ikifika zamu yako unagonga kengele, unakwenda chumba cha mwalimu, unasujudu, unaketi mbele yake magoti yakikaribia magoti. Unaitamka koani yako, kisha unatoa ulichonacho. Pengine ni neno, pengine ni kitendo, pengine ni kukiri kwamba huna kitu. Mwalimu anakusikiliza, huenda akauliza jambo moja. Akitikisa kengele yake ndogo, mazungumzo yamekwisha, unasujudu na kutoka. Inaweza kuwa dakika moja. Wakati wa mafungo ya kutafakari unaweza kurudi mara kadhaa kwa siku, na kesho, na keshokutwa. Mwalimu naye anakaa pale, kwa kila mmoja, kila mara, bila hadhira. Hakuna wa kucheka, kwa kuwa mko wawili tu.

Nje ya mahusiano hayo koani huharibika haraka, na watu wa Zen waliliona hilo zamani sana. Dahui Zonggao, aliyefariki mwaka 1163, alikuwa mwanafunzi wa Yuanwu mwenyewe. Alipoona watu wanakariri maneno ya Kumbukumbu za Mwamba wa Buluu na kuyatoa kama majibu yao, inasimuliwa kwamba aliziteketeza mbao za kuchapia kitabu hicho, kazi ya mwalimu wake aliyempenda. Huko Japani, mwaka 1916, mtu aliyeficha jina lake alichapisha kitabu kilichoanika majibu ya koani yaliyokuwa yakipokezanwa faraghani, kwa hoja kwamba mafunzo yamegeuka mchezo wa kukariri. Kiongozi anayetamka "umekunywa chai" kwa sababu Zhaozhou alitamka chai yuko katika shimo hilohilo ambalo Dahui alitaka kulifukia.

Mifano ni kitu tofauti na koani, ingawa kikundini kwenu nadhani vinachanganywa. Koani inakunyang'anya pa kusimama. Mfano unakupa pa kusimama kwa muda, mpaka uone. Na mfano mwema hukatwa kwa kipimo cha mtu mmoja. Hili naona halisisitizwi vya kutosha, kwa hiyo nikupe mifano miwili ya Budha, yote inahusu kifo.

Malunkyaputta alikuwa mtawa aliyechoka kungoja. Alimwendea Budha akadai ajibiwe: ulimwengu ni wa milele au sivyo, aliyekamilika yupo baada ya kufa au hayupo, asipojibiwa anaacha utawa. Budha akampa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Ndugu zake wanaleta tabibu, naye anakataa mshale usitolewe mpaka ajue aliyempiga ni wa tabaka gani, jina lake nani, mrefu au mfupi, wa kijiji gani, upinde wake ni wa aina gani, kamba yake ya nini, unyoya wa mshale ni wa ndege gani. Orodha inarefuka, na msikilizaji anajikuta anatabasamu huku mgonjwa anakufa. Kuna ucheshi pale, wenye makali, na unamfaa Malunkyaputta, kwa sababu alikuwa anatoa masharti kuhusu nadharia.

Kisagotami alikuwa mama aliyefiwa na mtoto wake mdogo. Alizunguka na maiti mikononi akiomba dawa. Budha hakumpa mfano wa mshale. Hakumwambia kwamba viumbe vyote hufa, jambo ambalo ni kweli na ambalo lingekuwa ukatili kulisema. Alimwambia alete mbegu za haradali kutoka nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Haradali ilikuwamo kila jikoni, kwa hiyo akaenda na tumaini. Mlango wa kwanza mbegu zipo, lakini baba amefariki. Mlango wa pili mbegu zipo, lakini wamemzika mtoto. Kila alipobisha alifunguliwa na mtu mwenye msiba wake, akausikia kutoka kinywa cha mwenyewe. Alimpeleka mtoto wake mahali pa kuwekea maiti kabla hajarudi kwa Budha. Fumbo lile halikumtenga na watu. Lilimpitisha katika nyumba zao moja baada ya nyingine.

Mwalimu yuleyule, swali linalofanana, mifano miwili isiyoweza kubadilishana nafasi. Kiongozi wako alikupa jibu la Malunkyaputta ilhali ulikuja kama Kisagotami.

Kuhusu ucheshi nina mengi ya kusema, kwa kuwa naupenda na naona unaonewa kutoka pande mbili. Wapo wanaodhani dini na kicheko havikai chumba kimoja. Hao huharibu hata maandiko yao wenyewe. Yesu aliposema ngamia kupenya tundu la sindano ni rahisi kuliko tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu, alichora picha ya kuchekesha makusudi, mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi yao na tundu dogo kuliko yote. Baadaye watu wakabuni maelezo kwamba Yerusalemu kulikuwa na lango dogo lililoitwa Sindano, ambapo ngamia hupita akipiga magoti. Hakuna ushahidi wa lango hilo. Kilichopatikana ni kwamba kicheko kimetolewa, na pamoja nacho mshtuko wa wanafunzi waliouliza, basi ni nani awezaye kuokoka? Hali ni hiyohiyo kwa wale aliowaambia wanachuja mbu na kummeza ngamia. Anayesoma mstari huo bila kumwona mtu aliyekodoa macho juu ya kikombe, huku nundu inapita kooni, hajausoma.

Upande wa pili ni hawa waliogundua kwamba Zen inacheka, wakadhani kila kicheko ni Zen. Sengai Gibon, mtawa wa Rinzai aliyefariki mwaka 1837 na aliyekuwa mkuu wa hekalu la Shofukuji huko Hakata, alichora chura kwa mistari michache ya wino, amechutama, mdomo umepanuka kama anayetabasamu. Pembeni akaandika maneno ya kwamba kama kuketi kutafakari ndiko kunakomfanya mtu awe Budha, basi… na sentensi ikaishia hapo, chura akaimalizia. Kichekesho hiki kinamgonga nani? Kinamgonga Sengai. Yeye ndiye aliyeketi maisha yake yote, na watawa waliokuwa chini yake waliketi kwa amri yake. Ni ukoo mmoja na kisa cha Nanyue, aliyemkuta mwanafunzi wake Mazu ameketi ili awe Budha, akachukua kigae na kuanza kukisugua juu ya jiwe. Unafanya nini? Natengeneza kioo. Kigae kitakuwaje kioo? Na kuketi kutakufanyaje Budha? Aliyetoka jasho pale ni mwalimu, mikono yake kwenye kigae.

Mabwana hawa huelekeza mzaha nyumbani kwao, kwenye cheo chao, kwenye ibada wanayoipenda kuliko kitu chochote. Mzaha unaomshukia aliye chini, aliyekuja na machozi, mbele ya kundi linalomtegemea kiongozi limwonyeshe lini pa kucheka, hauna nasaba yoyote na chura wa Sengai.

Nisipokuambia hili lifuatalo nitakuwa sijakutendea haki. Lugha ya mafumbo ina hatari yake kubwa: haiwezi kuulizwa. Ukilalamika unaambiwa hujaelewa, ukiumia unaambiwa ni nafsi yako inayong'ang'ana. Mwaka 2013 huko Marekani, jopo huru la Wabudha lililopokea ushuhuda kuhusu mwalimu mmoja mashuhuri wa Zen lilieleza hadharani habari za unyanyasaji wa kingono kwa wanafunzi wa kike uliodumu miongo mingi, mara nyingi ndani ya chumba kilekile cha mazungumzo ya faragha, huku ukifunikwa kwa lugha ya mafunzo. Sisemi kiongozi wenu ni wa aina hiyo. Ulichonieleza ni ukosefu wa huruma wa siku moja. Nasema tu kwamba mahali ambapo fumbo haliruhusiwi kujibiwa kwa neno la kawaida, kama "umeniumiza", si mahali salama kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo nenda kwake, faragha, na umwambie neno hilo la kawaida. Siku ile nilikuuliza nikiwa na msiba, mkacheka, niliumia. Kisha msikilize. Akikupa pole, akakuuliza mama alikuwa mtu wa namna gani, akakaa na jibu lako, mtu huyo unaweza kuendelea kujifunza kwake. Akikurushia koani nyingine, ondoka bila kuhisi umeshindwa mtihani. Kuketi na kuhesabu pumzi utaendelea nako popote, na vikundi vingine vipo.

Na kuhusu swali lenyewe, mtu akifa huenda wapi, hakukuwa na sababu ya kukunyima hata lile ambalo Ubudha unalisema wazi. Unafundisha kuzaliwa upya kwa kufuata matendo, na mikondo mingi, pamoja na Zen ya Japani, huwafanyia marehemu ibada kila siku ya saba mpaka siku ya 49, kipindi kinachohesabiwa kuwa cha mpito. Jianyuan aliyajua hayo yote alipogonga jeneza, na ndiyo maana Daowu aliweza kunyamaza. Wewe huenda hukuwahi kuambiwa. Ukibaki kikundini, omba mama asomewe Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibudha, mkiwa wote pamoja, hata kama siku 49 zimeshapita, maana kumbukumbu hufanywa pia mwaka unapotimia. Kuisoma ni dakika chache tu. Kabla hamjaanza, sema jina la mama kwa sauti na useme maneno mawili matatu kumhusu, ili wale waliocheka wajue ulikuwa unamuulizia nani.